Raha ya Lugha Ndogo

Waandishi wa programu hubishana juu ya lugha zao kama mashabiki wa Simba na Yanga. Kila mmoja ana yake, huitetea kwa sauti kubwa, na akibanwa aeleze sababu huishia kwenye methali: kipenda roho hula nyama mbichi. Ubishi huo hauna madhara ukiishia kijiweni. Ukiingia chuo kikuu mambo hubadilika, kwa sababu mhadhiri anayechagua lugha ya kwanza ya kufundishia anawachagulia mamia ya vijana ambao bado hawana kipimo cha kuchagulia. Je, ana haki ya kuichagua lugha kwa kuwa anaipenda? Wengi watajibu haraka kwamba hana, na kwamba cha kutazamwa ni soko la ajira, au mazoea ya idara, au wanachofanya vyuo vingine. Sura hii inatetea jibu tofauti. Raha anayoipata mtu katika lugha ya programu ina chanzo kinachoweza kuchunguzwa, na chanzo hicho kikiwa ni sifa itakayomfaa pia mwanafunzi, mapenzi ya mwalimu huwa sababu halali kuliko inavyodhaniwa. Kielelezo changu ni Scheme, lugha iliyotumika kwa zaidi ya robo karne kuwaingiza wanafunzi wapya katika taaluma ya kompyuta kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, na ambayo wengi waliowahi kuifundisha bado huizungumzia kwa furaha isiyo ya kawaida. Nitajaribu kuonyesha kwamba furaha hiyo inatokana na udogo wake.

Udogo huo una historia. Mwaka 1958, akiwa MIT, John McCarthy alianza kubuni Lisp, na mwaka 1960 akachapisha makala iliyoonyesha kwamba vitendo vichache mno vya msingi vinatosha kuandikia hesabu yoyote inayowezekana kwa mashine. Ndani ya makala hiyo aliandika pia fanksheni moja inayoeleza jinsi programu ya Lisp inavyotekelezwa, nayo imeandikwa kwa Lisp yenyewe. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la nadharia. Mwenzake, Steve Russell, aliona kwamba fanksheni ile ikigeuzwa kuwa maagizo ya mashine, lugha itakuwa imepatikana. Akaifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya IBM 704. Miaka 15 baada ya makala hiyo, mwaka 1975, Gerald Jay Sussman na Guy Steele walikuwa wakijaribu kuelewa nadharia ya Carl Hewitt kuhusu programu kama kundi la watendaji wanaotumiana ujumbe. Walijenga Lisp ndogo ya kufanyia majaribio, wakaweka ndani yake watendaji upande mmoja na fanksheni za kawaida upande wa pili, kisha wakagundua kwamba sehemu hizo mbili za programu yao zilikuwa zinafanya kazi ileile. Kitu kimoja kilitosha mahali pa viwili. Waliita lugha yao Schemer, lakini mfumo wa kompyuta waliyoitumia ulikubali majina ya faili yenye herufi sita tu, na herufi ya mwisho ikaanguka. Tabia ya kupunguza ikabaki. Waraka rasmi wa Scheme wa mwaka 1998 una kurasa 50 hivi, wakati kiwango rasmi cha C++ cha leo kinapita kurasa elfu moja.

Hesabu ya kurasa haimwambii mwanafunzi mengi mpaka aone inavyomgusa yeye. Katika Scheme, kila tendo huandikwa kwa namna moja: fungua bano, taja tendo, taja unavyovitendea, funga bano. Kujumlisha mbili na tatu ni (+ 2 3). Kufafanua mraba wa namba ni (define (mraba x) (* x x)), na kuanzia hapo mraba ni tendo kama kujumlisha, lenye hadhi ileile, linaloitwa kwa namna ileile. Hakuna orodha ya kukariri kuhusu alama ipi inatangulia ipi, wala nukta mkato inayosahaulika na kuvuruga kila kitu. Mhadhiri anaweza kumaliza sarufi ndani ya kipindi kimoja na kipindi cha pili akaanza kufundisha kufikiri. Linganisha na Java, ambayo kwa miaka mingi ilimtaka mwanafunzi wa siku ya kwanza aandike public static void main ndani ya klasi ili tu kompyuta itoe salamu. Kila neno kati ya hayo lina maana, lakini hakuna hata moja linaloweza kuelezwa siku hiyo, kwa hiyo mwalimu hulazimika kusema: andikeni hivi hivi, mtaelewa mbele ya safari. Mwanafunzi anajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala, kwamba programu ina maneno ya kunuizia ambayo hayahojiwi. Waundaji wa Java wenyewe waliuona mzigo huu. Mwaka 2023 walianza kutoa kwa majaribio namna nyepesi ya kuandika programu ya kwanza kwa ajili ya wanaoanza.

Udogo una faida ya pili, nayo ni kwamba wazo gumu huweza kusimama peke yake bila kuzongwa na maneno. Kitabu kilichotokana na somo la MIT, kilichoandikwa na Harold Abelson na Sussman pamoja na Julie Sussman na kuchapishwa mwaka 1985, kinauliza mapema kabisa kuna njia ngapi za kuvunja dola moja kwa sarafu za senti 50, 25, 10, 5 na 1. Jibu ni 292. Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza swali hilohilo kwa chenji anayoijua: noti ya shilingi 1,000 inavunjwaje kwa sarafu za 500, 200, 100 na 50? Programu nzima ni hii:

(define (njia kiasi sarafu)
  (cond ((= kiasi 0) 1)
        ((or (< kiasi 0) (null? sarafu)) 0)
        (else (+ (njia kiasi (cdr sarafu))
                 (njia (- kiasi (car sarafu)) sarafu)))))

Ukiiandikia (njia 1000 '(500 200 100 50)), inakujibu 49. Mstari wa pili unasema kwamba kiasi kikiisha kabisa, tumepata njia moja. Wa tatu unasema kwamba tukipitiliza, au aina za sarafu zikiisha kabla ya pesa kutimia, hatukupata njia. Mistari miwili ya mwisho ndiyo kiini: njia zote zinagawanyika katika zile zisizotumia kabisa sarafu ya kwanza kwenye orodha, na zile zinazoitumia angalau mara moja. Za kwanza zinahesabiwa kwa kuiondoa sarafu hiyo, na za pili kwa kuipunguza kwenye kiasi na kuuliza upya. Fanksheni inajiita yenyewe kwa swali dogo zaidi, mpaka maswali yanakwisha. Anayejaribu kulitatua jambo hili kwa kupanga vitanzi ndani ya vitanzi hugundua kwamba aina ya tano ya sarafu ikiongezwa inamlazimu aandike upya, wakati programu hii haibadiliki hata herufi moja. Kisha mwalimu anaweza kuuliza kwa nini inazidi kuwa nzito kiasi kinapokua, na darasa litaona kwamba maswali yaleyale yanaulizwa tena na tena kwenye matawi tofauti. Ndani ya mistari mitano mwanafunzi amekutana na namna ya kugawanya tatizo, uthibitisho wa kwamba mgawanyo huo haukuacha kitu, na gharama yake.

Hata hivyo raha wanayoizungumzia wapenzi wa Scheme imejificha zaidi katika sehemu ya nne ya kitabu kile, ambako mwanafunzi anaandika kwa Scheme programu inayosoma na kutekeleza Scheme. Programu hiyo ya ukalimani ina sehemu mbili zinazopokezana. Moja inapokea kauli na kuuliza ni ya aina gani: namba, jina, sharti, ufafanuzi, au wito wa fanksheni? Nyingine inapokea fanksheni pamoja na thamani zake, inayafunga majina kwenye thamani hizo, na kurudisha mwili wa fanksheni kwa ile ya kwanza. Yote yanaenea kwenye kurasa chache. Akishaielewa, mwanafunzi anaona kwamba kanuni za lugha zilikuwa uamuzi wa mtu, na kwamba uamuzi huo unaweza kuwa mwingine. Anabadilisha mistari michache, na lugha inaanza kuahirisha hesabu mpaka jibu lake lihitajike. Anabadilisha mingine, na lugha inaweza kujaribu chaguo moja, likishindikana irudi nyuma ijaribu jingine. Hapo kijana aliyeanza mwaka akiwa mtumiaji wa lugha anaumaliza akiwa mbunifu wa lugha, na jambo hilo linawezekana kwa sababu lugha aliyopewa ni ndogo kiasi cha kuweza kujengwa upya na mtu mmoja ndani ya wiki chache. Kwa lugha ya kurasa elfu moja zoezi hili lingekuwa mradi wa kampuni. Raha hii ni ya kujua kitu hadi mwisho wake, na si wengi wanaoionja katika fani ambayo karibu kila kifaa chake ni kikubwa kuliko kichwa cha mtu yeyote.

Inaweza kusemwa kwamba huo ni ushahidi wa chuo kimoja, tena chuo kinachochagua wanafunzi wake kwa chujio kali. Lakini hoja ya udogo imejaribiwa kwingine kwa namna zinazotofautiana. Matthias Felleisen na wenzake, waliochapisha kitabu chao cha kubuni programu mwaka 2001, waliona kwamba hata Scheme nzima ni kubwa mno kwa anayeanza. Wakaigawa katika ngazi: mwanafunzi wa mwanzo hupewa lugha yenye vipengele vichache sana, na akikosea, ujumbe wa hitilafu humjia kwa maneno anayoyajua, badala ya kumtajia dhana ya muhula wa tatu. Kazi yao ilikusudiwa tangu mwanzo iwafae pia wanafunzi wa sekondari. Berkeley, ambako Scheme ilifundishwa kwa miaka mingi, walihamia Python, lakini mradi mkubwa wa somo lao la kwanza ukabaki kuwa kuandika kwa Python programu ya ukalimani ya Scheme. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kilichukua kitabu cha Abelson na Sussman, kikakihamishia kwenye vipande vidogo vilivyokatwa kutoka JavaScript, na toleo hilo likachapishwa mwaka 2022. Katika mifano yote hii jina la lugha limebadilika au limepunguzwa uzito, ila udogo umelindwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la ajira, na halistahili kubezwa. Mzazi wa Mbeya au Kisumu aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome kompyuta ana haki ya kuuliza ni kampuni gani inayotangaza nafasi ya kazi kwa mwandishi wa Scheme. Jibu ni kwamba ni chache mno. Lakini tazama kilichotokea kwa wale walioliweka soko mbele. Mtihani wa taifa wa kompyuta ambao wanafunzi wa sekondari wa Marekani hufanya ili watambuliwe na vyuo vikuu ulianza mwaka 1984 kwa Pascal. Mwaka 1999 ukahamia C++, na kufikia mwaka 2004 ulikuwa umeshahamia Java. Ni lugha tatu ndani ya miaka 20, muda ambao mtu aliyefanya mtihani wa kwanza hajafika hata katikati ya maisha yake ya kazi. Mawazo yaliyokuwa ndani ya Lisp, kwa upande wake, hayakuhama. Utaratibu wa mashine kujikusanyia yenyewe nafasi za kumbukumbu zisizotumika tena ulibuniwa kwa ajili ya Lisp, na leo umo ndani ya Java, Python na JavaScript. Fanksheni isiyo na jina, inayopitishwa kutoka mkono hadi mkono kama thamani nyingine yoyote, iliingia C++ mwaka 2011 na Java mwaka 2014. JavaScript yenyewe, inayoendesha karibu kila tovuti, ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich, ambaye Netscape ilimwajiri kwa ahadi ya kuiweka Scheme ndani ya kivinjari. Sura ya nje ikafanywa ifanane na Java, lakini fanksheni zake zilibaki na damu ya Scheme. Aliyejifunza mawazo hayo katika umbo lao dogo anayatambua yanapokuja yamevaa nguo nyingine. Tena lugha ya kwanza huchukua muhula mmoja au miwili. Mihula inayobaki inatosha kabisa kumfundisha kijana lugha zinazotangazwa magazetini, naye atazipokea kwa haraka zaidi.

Pingamizi la pili lina uchungu wake kwa wapenzi wa Scheme: MIT wenyewe waliiacha. Kufikia mwaka 2008 somo lile maarufu lilikuwa likifungwa, na nafasi yake ikachukuliwa na somo linalotumia Python na roboti. Sussman alieleza sababu bila kinyongo. Zamani, kwa maelezo yake, mhandisi alijenga mfumo kwa vipande ambavyo alivielewa kimoja kimoja. Sasa anafanya kazi na maktaba kubwa za programu zilizoandikwa na wengine, ambazo hana muda wa kuzisoma, na inambidi azichokonoe aone zinajibu nini, kama mwanasayansi anavyofanya kwa maumbile. Maelezo hayo ni ya kweli, na yeyote anayefanya kazi hiyo leo atayatambua. Lakini hitimisho lililotolewa si la lazima. Ikiwa mhandisi ataishi miaka 40 katikati ya masanduku yaliyofungwa, hiyo ni sababu ya kuhakikisha kwamba angalau mara moja, akiwa chuoni, amelifungua sanduku moja na kuliona lote hadi chini. Asiyewahi kufanya hivyo hana picha ya kilichomo ndani ya mengine, na linapoharibika la kwake hajui hata swali la kuuliza. Inafaa pia kukumbuka kwamba Python, iliyotolewa mwaka 1991, ilichota mengi kutoka ABC, lugha ambayo Guido van Rossum alishiriki kuijenga Amsterdam na ambayo ilikusudiwa wanaoanza. Mrithi wa Scheme pale MIT alikuwa naye ametoka katika ukoo wa lugha za kufundishia.

Wapo wanaosema kwamba mabano yote yale yanawatisha wanafunzi, na kwamba ugeni wa lugha ni mzigo juu ya ugeni wa somo. Edsger Dijkstra alikutana na hoja ya aina hii mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kilipotaka kuiondoa Haskell, lugha nyingine inayojengwa juu ya fanksheni, na kuweka Java. Katika barua yake ya kupinga alikumbusha kwamba wengi wa wanafunzi hufika wakiwa wameshaonja programu za kawaida, na lugha wasiyoitarajia huwaonyesha kwamba fani hii ni pana kuliko walivyodhani. Mtu anaweza kuongeza hoja ambayo ina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Darasa la mwaka wa kwanza huwa na kijana aliyekuwa na kompyuta yake nyumbani na aliyejifunza Python kwa video, akiwa amekaa jirani na kijana aliyegusa kibodi kwa mara ya kwanza baada ya kuripoti chuoni. Lugha ya sokoni inampa yule wa kwanza miezi kadhaa ya kutamba, na wa pili anahitimisha mapema kwamba hana kipaji. Lugha ambayo hakuna aliyeiona huwaanzisha wote mahali pamoja.

Hata hivyo kuna lawama moja inayostahili kukubaliwa. Felleisen na wenzake waliandika mwaka 2004 kwamba kitabu cha MIT kinadai mno ujuzi wa fani nyingine: mifano yake mingi inatoka kwenye hesabu za juu na uhandisi wa umeme, na hakimwambii mwanafunzi hatua za kufuata anapotazama ukurasa mtupu. Ni kweli, na ndiyo maana anayeipenda lugha hapaswi kukigeuza kitabu chake kuwa msahafu. Mfano wa chenji hauhitaji hesabu za juu hata kidogo, na walimu wanaweza kupata ya namna hiyo mingi katika mazingira ya wanafunzi wao.

Linabaki pingamizi la kwamba mwamba ngoma huvutia kwake: mwalimu akiruhusiwa kuchagua akipendacho atakipa sababu baadaye. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kumtaka aitaje sifa inayomfurahisha na aonyeshe itamfikiaje mwanafunzi. Anayesema anaipenda C kwa kuwa ndiyo aliyoanza nayo hajataja sifa. Anayesema anaipenda kwa kuwa inamruhusu kuona kila neno la kumbukumbu ya mashine ametaja, na tunaweza kujadiliana naye kama hiyo ndiyo elimu inayotakiwa muhula wa kwanza. Mpenzi wa Scheme ana jibu la wazi: mwanafunzi wake, mwaka ukiisha, ataweza kuandika mwenyewe toleo dogo la lugha aliyojifunza na kueleza kila mstari wake. Hicho ni kipimo kinachoweza kutumiwa na idara yoyote, kwa lugha yoyote, na hakitegemei ladha ya mtu. Idara iliyofungwa na mazingira kutumia Python inaweza kukifaulu ikikata kipande kidogo cha lugha hiyo, ikakataza vilivyobaki kwa muhula mzima, na kuufanya mradi wa mwisho uwe programu ya ukalimani ya kipande hicho. Itakayoshindwa kufanya hivyo kwa lugha iliyoichagua itakuwa imejifunza jambo kuhusu uchaguzi wake, na wakati wa kulijua hilo ni kabla ya kuandika mtaala.